Kidole cha Shahada: Siku Saba kwa Wakorea wa Japani

Siku ya kwanza: Busan

Meli ya kwenda Shimonoseki, Japani, hung'oa nanga saa tatu usiku. Nilifika bandarini saa kumi na moja jioni kwa kuogopa kuachwa, nikawakuta akina mama wenye vifurushi wamekwisha kujipanga, kila mmoja na mkokoteni wake mdogo. Hawa ni wachuuzi wa baharini. Wanavuka na mwani, pilipili ya unga na kimchi, yaani mboga za kuchachushwa, wanarudi na dawa na vitu vidogo vidogo vya Kijapani. Zamani walijaza meli. Siku hizi wamebaki wachache, na wengi wamezeeka.

Huu ni mwaka wangu wa pili wa masomo hapa Busan, Korea Kusini. Safari yenyewe ilianzia darasani, siku mwalimu wetu wa Kikorea alipotuonyesha picha ya kaka wa babu yake, kijana aliyevuka maji haya mwaka 1938 kutafuta kibarua asirudi tena. "Kizazi chake kiko Osaka," alisema. "Mlangoni wameandika jina la Kijapani. Kaburini wameandika la Kikorea." Maneno hayo yalinikaa. Nikaanza kuweka akiba, na mwalimu alipoona sitanii akanipa anwani.

Daraja la chini ni chumba kipana chenye zulia. Unapewa godoro jembamba, blanketi na mto mgumu, mnalala kwa safu kama wageni wa msibani. Sakafu inatetemeka kwa injini. Nimelala macho nikiwafikiria waliolala hapa kabla yangu, maana njia hii ni ya tangu Septemba 1905, meli ya kwanza ikiitwa Iki Maru. Miaka mitano baadaye, 1910, Japani iliitwaa Korea yote. Watawala wapya wakapima ardhi nchi nzima, na mkulima asiye na karatasi alijikuta mpangaji kwenye shamba alilolima babu yake. Akishindwa kodi, hatua iliyofuata ilikuwa bandari hii. Wa mwanzo walivuka kwa kusukumwa na njaa. Kuanzia 1939 waliandikishwa kwa ajili ya vita, na mwishoni walichukuliwa kwa nguvu ya sheria. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wakorea waliokuwa Japani walifika milioni mbili hivi.

Siku ya pili: Shimonoseki, kisha Ube

Afisa wa uhamiaji, kwa adabu zote, aliniashiria niweke vidole viwili vya shahada juu ya kioo kisha nitazame kamera. Sekunde chache tu. Bibi mmoja aliyelala safu yangu alipita njia nyingine kabisa, hakuwekwa kidole. Nilimkuta nje akihangaika na sanduku lake, nikamsaidia kulishusha ngazi.

"Wamekuchukua vidole?" aliniuliza kwa Kikorea chenye lafudhi nisiyoizoea.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba hata Busan nilitoa vidole vyote kumi nilipoomba kitambulisho cha mgeni.

"Wewe una miaka miwili pale," akasema. "Mimi nilizaliwa Osaka. Nina miaka 78."

Alikuwa anatoka kisiwa cha Jeju, Korea, kuzuru makaburi, na alikuwa apitie kwa dada yake hapa mjini kabla ya kurudi kwake. Akanielekeza duka lake lilipo: Osaka, wilaya ya Ikuno, karibu na mfereji, lenye mapipa ya bluu mlangoni. Niliahidi kwenda.

Nyuma ya stesheni ya Shimonoseki upo mtaa wa maduka wa Wakorea, Green Mall, unaoitwa pia Busan Ndogo. Wengi wa wazee wake ni kizazi cha watu waliofika hapa mwaka 1945 wakingoja meli ya kurudi kwao. Walioondoka ni wengi, zaidi ya milioni moja. Ila jeshi la Marekani lililoitawala Japani liliruhusu kila mtu atoke na yeni 1,000 tu, na habari kutoka upande wa pili zilikuwa za nchi iliyokatwa vipande viwili, kipindupindu na kazi hakuna. Watu 600,000 hivi waliamua kungoja hali itulie. Wapo hadi leo.

Mchana nilipanda treni hadi Ube, nikabadilisha, nikashuka kituo kidogo cha Tokonami. Kutoka pale ni mwendo mfupi hadi ufukweni. Mabomba mawili makubwa ya zege yamesimama baharini kama visiki. Ndiyo matundu ya hewa ya mgodi wa makaa ya mawe wa Chosei, uliochimbwa chini ya sakafu ya bahari. Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1942 dari lilipasuka, maji yakaingia. Walikufa watu 183. Kati yao 136 walikuwa Wakorea. Mlango wa mgodi ukafungwa, miili ikabaki chini.

Raia wa kawaida, wengi wao Wajapani, waliunda kikundi kuwatafutia marehemu majina na familia, na mwaka 2013 walijenga mnara wa kumbukumbu. Septemba 2024 waliufukua mlango wa mgodi kwa michango yao wenyewe. Agosti 2025 wapiga mbizi kutoka Korea walitoa mifupa ya kwanza. Miaka 83 chini ya maji! Nilisimama hadi bahari ikapwa, nikasoma majina yote ukutani, moja moja, kwa sauti. Sikujua jambo jingine la kufanya.

Siku ya tatu: Hiroshima

Leo nitaandika kwa ufupi. Bustani ya Amani kila mtu ameisoma. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mnara wa Wakorea: kobe wa jiwe aliyebeba nguzo mgongoni, maana katika simulizi za Wakorea kobe ndiye hubeba roho za wafu. Maandishi yanawakumbuka wafu 20,000, wa kwanza akitajwa mwanamfalme Yi U, mjukuu wa mfalme Gojong wa Korea, ofisa wa jeshi aliyejeruhiwa na bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945 akafa siku iliyofuata.

Mnara ulijengwa 1970, nje ya bustani, ng'ambo ya mto. Ulikaa huko miaka 29 ndipo ukahamishiwa ndani mwaka 1999. Marehemu wa bomu moja, saa moja, mji mmoja, wakawekwa nje ya ua. Nimelifikiria jambo hili usiku kucha na bado sioni utetezi wake.

Waliopona nao walikuwa na foleni yao. Son Jin-doo, aliyeunguzwa na mionzi hapa Hiroshima kisha akahamishiwa Korea, alirudi Japani kwa mashua ya siri mwaka 1970 akitafuta matibabu. Alikamatwa. Akafungua kesi kutoka kizuizini, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba mwathirika wa bomu ni mwathirika, awe ameingia kwa mlango au kwa dirisha. Maneno ya dirisha ni yangu. Hukumu ni yao.

Siku ya nne: Osaka, Ikuno

Stesheni ya Tsuruhashi unaijua kabla hujafumbua macho. Moshi wa nyama choma unapanda hadi jukwaani, umechanganyika na kitunguu saumu na ufuta. Mwaka 2001 Wizara ya Mazingira ya Japani iliorodhesha mahali 100 penye harufu za kutunzwa, na Tsuruhashi ikawemo. Najua wazee ambao utotoni walitukanwa shuleni kwa sababu ya harufu hiyohiyo ya kitunguu saumu nguoni.

Chini ya reli ni soko lenye vichochoro vya upana wa watu wawili. Pweza, kaa waliolowekwa kwenye mchuzi wa soya, vichwa vya nguruwe, mashuka ya harusi, nguo za sherehe za rangi ya ndizi mbivu. Matumbo na maini, vitu ambavyo wachinjaji walikuwa wakivitupa au kuviuza kwa bei ya bure, ndivyo Wakorea maskini walivyovichoma kwenye makaa baada ya vita. Leo Wajapani wanapanga foleni kuvila. Nami nilipanga.

Mtaa wa Wakorea wenyewe uko dakika kumi na tano kwa miguu. Umejaa wasichana wa Kijapani wa sekondari wakipiga picha na maandazi yenye umbo la sarafu ya Korea, wakinunua mabango ya waimbaji wa Seoul. Nilipita hadi kwenye mfereji wa Hirano. Mapipa ya bluu yalikuwepo.

Bibi alinitambua kwa mbali. "Mtoto wa vidole kumi!" aliita, akanikalisha nyuma ya duka juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele yangu sahani ya kimchi ya tango na wali.

Baba yake alitoka Jeju kwa meli iitwayo Kimigayo Maru, iliyoanza kwenda na kurudi kati ya kisiwa hicho na Osaka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 karibu robo ya watu wa Jeju walikuwa huku, viwandani: vioo, mpira, vyuma. Mtaa wao uliitwa Ikaino. Ulijaa kiasi kwamba jina lenyewe likawa mkosi; kijana akiliandika kwenye barua ya kuomba kazi au mchumba, jibu halirudi. Mwaka 1973 manispaa ililifuta jina la Ikaino kwenye ramani na kugawa eneo kwa mitaa ya jirani. "Watu tulibaki palepale," bibi alisema. "Jina ndilo lililohama."

Mjomba wake alifika mwaka 1949, usiku, kwa mashua ya magendo. Jeju ilikuwa inaungua. Maasi yaliyoanza tarehe 3 Aprili 1948 yalizimwa na serikali ya Seoul kwa mauaji ya vijiji vizima. Wanaokadiria husema walikufa kati ya 25,000 na 30,000. Mjomba hakusimulia hata siku moja. Bibi anachokumbuka ni kwamba ndugu wa kijiji chake wote walikuwa na tambiko la wafu usiku mmoja wa mwaka, nyumba hii hadi ile, na watoto walizunguka wakila keki za mchele bila kuuliza kwa nini watu wengi hivyo walikufa siku moja.

Nilimuuliza kuhusu kidole. Alifuta mikono kwa aproni kwanza.

Alipozaliwa, Wakorea wote wa Japani walikuwa wameandikishwa kuwa wageni, ingawa uraia wa Japani walikuwa nao bado, nchi yao ikiandikwa "Chosen", jina la Korea ambayo haikuwa tena dola popote. Mwezi Aprili 1952, mkataba wa amani wa baada ya vita ulipoanza kutumika, serikali iliwavua uraia wa Japani wote kwa waraka mmoja. Hawakuulizwa wachague. Wakati huo sheria ilimtaka mgeni mwenye miaka 14 aende ofisi ya wilaya kuchukuliwa alama ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Yeye alikwenda mwaka 1961, akiwa na sare ya shule. Karani alimshika kidole, akakibiringisha kwenye wino mweusi ukucha hadi ukucha, kisha kwenye karatasi. "Sikuumia. Lakini njia nzima nilificha mkono mfukoni, nikadhani kila mtu anajua nimeiba kitu."

Tangu siku ile alitakiwa kutembea na kijitabu cha usajili kila aendako, hata bafu la mtaani. Mwaka 1980 mtu mmoja Tokyo, Han Jong-sok, alikataa kuweka kidole. Kufikia mwaka 1985, mwaka ambao vijitabu vingi vilikuwa vinabadilishwa, waliokataa au kuahirisha walipita 10,000. Bibi alikuwa mmoja wao. Mumewe aliogopa, duka lilikuwa na mkopo, watoto watatu. "Nilimwambia, binti yetu anafikisha umri. Sitaki ajifunze kuficha mkono." Alama za vidole kwa wakazi wa kudumu ziliondolewa Januari 1993.

Kulikuwa na mengine, na baadhi hayajaondoka. Kwa sababu ya kipengele cha uraia, hadi 1982 Wakorea hawakuruhusiwa kuingia kwenye pensheni ya taifa, ingawa kodi walilipa. Kura hawana, hata ya diwani. Kaka yake alipanda meli Niigata mwaka 1960 kwenda Korea Kaskazini, mmoja wa watu wapatao 93,000 waliokwenda kati ya 1959 na 1984 kwa kuahidiwa shule, nyumba na kazi, ingawa karibu wote walikuwa na asili ya kusini. Barua zake zilianza kwa salamu zikaishia kuomba saa, sweta, dawa. Kisha zikakoma. Hapo bibi alinyamaza, nami sikuchokonoa.

Siku ya tano: Osaka, mlango wenye jina

Asubuhi nilikwenda kwenye anwani ya mwalimu. Nyumba nyembamba ya ghorofa mbili, chini ilikuwa karakana ya kushona ndara za wanawake. Kazi hiyo ililisha Ikaino miaka mingi: familia nzima sebuleni, baba akikata ngozi, mama akipaka gundi, watoto wakifungasha kabla ya shule. Harufu ya gundi bado imo kwenye mbao. Sasa ghorofa ya chini inawekwa baiskeli.

Mwenye nyumba ni mjukuu wa yule kijana wa mwaka 1938. Ana miaka hamsini na kidogo, ni fundi umeme, Kikorea chake ni cha kuamkia tu, kwa hiyo tuliongea kwa simu ya kutafsiri. Kazini wanamjua kwa jina la Kijapani. Jina hilo familia ililipata mwaka 1940, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Wakorea kubadili majina. Vita vikaisha, jina likabaki, kwa sababu bila hilo hupangishwi chumba. Alinisimulia kisa cha Park Chong-sok, ambacho baba yake alikisoma gazetini kila siku: mwaka 1970 kijana huyo alifaulu mtihani wa kazi katika kampuni ya Hitachi akitumia jina la Kijapani, walipogundua ni Mkorea wakamnyima kazi. Alishtaki katika mahakama ya Yokohama, akashinda mwaka 1974. "Baba alikata kipande kile cha gazeti," alisema, "akakiweka kwenye droo. Lakini mlangoni hakubadilisha kitu."

Nilitoka kupiga picha mlango, kama nilivyoagizwa. Kibao kilikuwa kilekile cha mbao, jina la Kijapani kwa wino mzito. Chini yake, kwenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya uwazi, lilikuwa jina la ukoo la Kikorea kwa herufi za Hangul, kwa kalamu ya rangi ya zambarau.

"Huyo ni binti yangu," fundi alisema. Mtoto yuko darasa la tano, shule ya kawaida ya serikali. Shule nyingi za Osaka zina darasa la Kikorea baada ya masomo, mara moja kwa wiki, mbegu iliyopandwa mwaka 1948. Mwaka huo mamlaka zilifunga shule za Wakorea, watu wakaandamana Kobe na Osaka, na polisi wa Osaka wakampiga risasi kijana wa miaka 16, Kim Tae-il, akafa. Mtoto wa darasa la tano bado hajayajua haya. Alijifunza kuandika jina, akaliandika, akalibandika.

Siku ya sita: Utoro

Treni ya Kintetsu hadi Iseda, mji wa Uji, kusini ya Kyoto. Mwaka 1940 hapa ulianza kujengwa uwanja wa ndege, na vibarua 1,300 hivi wa Kikorea waliletwa kuufyeka. Japani iliposhindwa, wenye kazi waliondoka bila kuwaaga, wakawaacha vibarua na mabanda yao. Ndiyo Utoro. Maji ya bomba yalianza kufika mwaka 1988. Mwaka mmoja kabla, ardhi ilikuwa imeuzwa chini ya miguu yao. Mnunuzi akawashtaki, na mwaka 2000 wakashindwa hadi mahakama ya mwisho.

Hawakuondoka. Michango ya watu wa Korea na Japani, pamoja na fedha za serikali ya Seoul, ilinunua sehemu ya kiwanja, na manispaa ikajenga maghorofa ya kupangisha, la kwanza mwaka 2018. Niliyaona: safi, yenye baraza, bibi mmoja anaanika pilipili juu ya gazeti.

Jumba la kumbukumbu lilifunguliwa tarehe 30 Aprili 2022. Miezi minane kabla, kijana wa miaka 22, asiyewajua hata mmoja wao, alichoma moto nyumba za mtaa huu. Vibao vya maandamano vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa ajili ya maonyesho viliungua. Alifungwa miaka minne, akasema wazi kwamba ni chuki dhidi ya Wakorea. Wenyeji walijenga jumba hivyohivyo. Nje wamesimamisha upya banda moja la vibarua, mbao zilezile za zamani. Mama aliyekuwa zamu alinimiminia chai ya shayiri, akaniuliza nimetoka wapi, kisha akaniuliza swali ambalo sikuulizwa kokote kwingine katika safari hii: "Umekula?"

Siku ya saba: Osaka hadi Busan

Meli ya Osaka huondoka mchana na kufika asubuhi, hivyo siku hii iliisha kesho yake. Ilipita chini ya daraja la Akashi, ikapenya visiwa vya bahari ya ndani, na usiku mwingi nikaziona taa za mlango-bahari wa Shimonoseki pande zote mbili. Bibi alinifungashia kimchi kilo mbili. Harufu yake ilijaa chumba kizima na hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja aliomba kipande.

Nilimtumia mwalimu picha ya mlango nilipopata mtandao karibu na Busan. Alijibu mara moja: "Nani ameandika hii?" Nikamweleza. Jumatatu nilimkuta darasani, ameichapa kwenye karatasi na kuibandika ubaoni kando ya picha ya kijana wa 1938. Herufi moja ile ya zambarau mtoto ameikosea, kistari kimeangukia upande wa pili, na mwalimu wetu hawezi kuona kosa la mwandiko akaliacha.

Hili hakulisahihisha.